Habari za Mji wa Nyeri na Hoteli ya Outspan

Katika vitabu vya jubilei ni desturi kuandika habari za makanisa na shule na za mapadre waliotutangulia, nazo zimo katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Sisi tumepewa kazi ya namna nyingine, hata wenzetu wengine walitucheka walipoisikia, wakasema, "Mwalimu wa dini ana shauri gani na hoteli?" Twawajibu hivi. Hoteli hii imelipeleka jina la mji wetu wa Nyeri katika nchi nyingi za mbali. Na watoto wetu, wageni wakiwauliza habari zake, hujibu yale waliyoyasoma katika vikaratasi wanavyopewa wasafiri. Maneno yale si uongo. Lakini yameandikwa na mtu aliyeketi barazani, akitazama mlima huku akinywa chai. Naye aliyeipika chai hiyo hakuulizwa neno.

Jina la hoteli ni Outspan. Si neno la Kikuyu wala la Kiswahili, wala kwa asili si la Kiingereza. Ni neno la Makaburu wa Afrika ya Kusini, watu waliosafiri kwa magari makubwa ya kukokotwa na maksai. Jioni walipofika mahali penye maji na majani walisimamisha magari, wakawafungua maksai nira, wakawaacha walishe. Ndiyo maana ya neno hilo: kufungua nira, na mahali pa kufungulia nira. Aliyelichagua alitaka msafiri aliyechoka na vumbi la njia aone moyoni kwamba hapa ndipo pa kupumzika. Nalo ni jina zuri. Sisi tutauliza tu, kadiri habari zinavyoendelea, ni nani waliofunguliwa nira hapo, na ni nani waliotiwa.

Asiyepata kufika Nyeri na ajue kwamba mji huu uko kaskazini ya Nairobi, mwendo wa maili 90 hivi, kati ya milima miwili. Upande wa mashariki uko Kirinyaga, mlima mrefu kuliko yote ya Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, na theluji juu yake. Upande wa magharibi iko milima ya Nyandarua, ambayo Mwingereza Joseph Thomson aliipa jina la Aberdare katika safari yake ya miaka ya 1883 na 1884, kwa heshima ya bwana mkubwa wa chama cha wanajiografia wa London. Bwana huyo hakuiona milima hiyo. Katikati hupita mto Chania katika bonde lenye kina, na juu ya ukingo wa bonde hilo ndipo hoteli iliposimama. Asubuhi, kabla ya mawingu kupanda, mtu akiwa hapo huona kilele cha Kirinyaga kama kimekatwa kwa kisu. Hatuwalaumu wageni kwa kupapenda.

Wazee wetu walikaa juu ya migongo ya vilima hivi, kila ukoo na mgongo wake, wakilima mtama, maharagwe na viazi vikuu, wakifuga mbuzi na ng'ombe. Katika nchi ya Tetu kiongozi mwenye nguvu siku zile alikuwa Wang'ombe wa Ihura, ambaye baadaye Serikali ilimfanya kuwa chifu. Jina lake tutalikuta tena mbele. Mwezi wa Desemba 1902 akaja afisa wa King's African Rifles, Richard Meinertzhagen, pamoja na askari wake, kuwaadhibu watu wa Tetu kwa kuwa walikuwa wameushambulia msafara wa wafanya biashara. Watu waliuawa, mifugo ikatekwa, na boma la Serikali likajengwa karibu na kilima cha Nyeri. Ndio mwanzo wa mji. Meinertzhagen aliandika habari hizi, na kitabu chake kilipigwa chapa mwaka 1957. Humo ajisifu mno, na wataalamu wameonyesha kwamba katika mambo mengi ya maisha yake mtu huyu alitia chumvi nyingi. Kwa hiyo hesabu zake za waliouawa hatuzinakili hapa. Kwamba damu ilimwagika, hilo halina shaka.

Katika mwaka uo huo, mwezi wa Juni, wamisionari wa Konsolata kutoka Torino walikuwa wamefika Tuthu kwa Karuri wa Gakure, na muda si muda wakasogea mpaka Nyeri, wakafanya makao Mathari. Habari zao zimeelezwa mahali pake. Twazitaja hapa kwa sababu moja tu, ili walimu wakumbuke kwamba boma na misheni vilianza karibu pamoja, na kwamba watu wa vilima hivi waliona mambo yote mawili kwa mwaka mmoja, wakapaswa kuyapambanua.

Sasa yatupasa kueleza habari ya ardhi, maana bila hiyo hoteli haieleweki. Serikali ilitunga sheria zilizoifanya ardhi kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Sheria ya mwaka 1915 ilimruhusu Mzungu kupangishwa shamba kwa muda wa miaka 999. Mkikuyu akawekewa mpaka wake, ukaitwa rizavu. Mji wa Nyeri ukawa mlangoni: kusini yake rizavu iliyojaa watu, kaskazini mashamba mapana ya walowezi kuelekea Nanyuki. Kisha Vita Kuu vya 1914 vikaja. Vijana wa vilima hivi walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, wakapelekwa Tanganyika kubeba vyakula na risasi, na maelfu ya wapagazi wa Afrika ya Mashariki hawakurudi, kwa kuwa njaa na kuhara viliwaua wengi kuliko bunduki. Vita vilipokwisha, mwaka 1919, Serikali iligawa mashamba ya nyanda za juu kwa askari wa Kizungu kama ujira wa vita. Mpagazi hakugawiwa shamba. Badala yake alipewa kipande, karatasi ndani ya kikopo cha chuma cha kuvaliwa shingoni, chenye alama za vidole vyake na jina la bwana wake. Kila mwanamume mwenye umri wa kupita miaka 16 alilazimishwa kuwa nacho, na akionekana bila hicho alifungwa. Juu ya hayo iliwekwa kodi, nayo ilidaiwa kwa fedha, si kwa mbuzi. Mtu asiye na ruhusa ya kupanda kahawa, maana kwa miaka mingi Wakikuyu walikatazwa kuipanda, angeipata wapi fedha hiyo, isipokuwa kwa kwenda kumfanyia Mzungu kazi?

Walowezi hao walihitaji mahali pa kukutana na kulala wajapo mjini. Tangu kabla ya Vita Kuu palikuwa na hoteli ya White Rhino, iliyoanzishwa na mabwana wachache wa ukoo bora wa Kiingereza. Lakini idadi ya wasafiri ilizidi. Motokaa ziliongezeka, na reli itokayo Thika ikavutwa kaskazini hata ikafika Nanyuki mwaka 1930. Ajabu yake haikuingia mjini Nyeri, bali ilipita Kiganjo, na mpaka leo mwenye mzigo alijua hilo kwa miguu yake.

Basi hapo ndipo anapoingia Eric Sherbrooke Walker. Huyu alikuwa Mwingereza, mwana wa kasisi, aliyepata kufanya kazi na Baden-Powell katika siku za kwanza za Skauti. Katika Vita Kuu alirusha ndege, akatekwa na Wajerumani. Baada ya vita alijitia katika biashara ya kupeleka pombe Marekani kwa magendo, wakati ulipokuwa umekatazwa huko, na habari hizo akaziandika mwenyewe katika kitabu, kwa jina la kubuni. Mwaka 1926 alimwoa Lady Bettie, binti wa Earl wa Denbigh, wakaja Kenya, wakachagua mahali pale juu ya Chania, na mwaka 1928 hoteli ya Outspan ikafunguliwa. Wenye kuhesabu mambo kwa kalamu watasema kwamba nyumba ile ilisimama, kwa sehemu, juu ya fedha ya magendo. Sisi hatukuwako, wala hatumhukumu. Twasema tu kwamba wazee wetu waliotozwa faini kwa kupika pombe ya miwa wangecheka kama wangalijua.

Hoteli ya shambani, katika baridi ya Nyeri, ni kazi kubwa. Wageni hutaka moto chumbani usiku, na maji ya moto ya kuoga asubuhi. Maana yake ni kuni nyingi kila siku, zilizokatwa, zikapasuliwa, zikachukuliwa. Hutaka mkate mpya, maziwa, mayai, viazi na kabeji. Ndivyo baadhi ya watu wetu walivyojifunza kulima mboga ambazo wao wenyewe walikuwa hawazili. Hutaka shuka zilizofuliwa na kupigwa pasi kwa pasi ya makaa. Hutaka bustani ya maua. Palikuwa na mpishi na wasaidizi wake, madobi, watumishi wa mezani waliovaa kanzu nyeupe, watunza bustani, na wale wa kuchoma moto wa maji ambao mgeni hakuwaona uso. Wote waliitwa "boi", neno la Kiingereza la mtoto mwanamume, hata mzee aliyekwisha kupata wajukuu. Na Kiswahili walichosemeshwa ni kile kiitwacho Kisetla, ambacho ndani yake hamna "tafadhali" wala "shikamoo", ila lete, ondoa, upesi. Walimu wa Kiswahili wanaosikitika kwamba Kiswahili cha bara hakina adabu, wakumbuke kilijifunzwa wapi.

Hata hivyo tusiseme upande mmoja. Mshahara wa hoteli ulilipa kodi, na baada ya kodi ulilipa ada ya shule. Wako watu wazima katika parokia hizi ambao babu zao walijua kusoma kwa sababu mtu mmoja wa ukoo alipiga pasi shuka za wageni. Ni kazi ya heshima. Lakini desturi ya nchi siku zile ilikuwa kwamba Mwafrika aliingia katika nyumba ile kwa mlango wa jikoni, wala hangeweza kukaa mezani hata kama angekuwa na fedha ya kulipa.

Sasa tuje kwa ule mti.

Lady Bettie alitamani kuwa na nyumba ndogo mtini, mahali pa kutazamia wanyama usiku. Katika msitu wa Nyandarua, maili 10 hivi kutoka mjini, palikuwa na ziwa dogo na mahali pa chumvi, katika njia ya kale ambayo tembo walipita wakitoka Kirinyaga kwenda Nyandarua na kurudi. Kando yake ulisimama mugumo mkubwa. Humo, mwezi wa Novemba 1932, ikamalizika nyumba ya vyumba viwili, ikaitwa Treetops. Kazi ya kuijenga haikuwa nyepesi. Faru na tembo waliwafukuza mafundi na vibarua mara kwa mara, hata ujira ukapanda kwa sababu ya hatari. Mwanzoni wageni wa Outspan walipelekwa huko usiku wa Jumatano tu, wakitangulizwa na mwindaji mwenye bunduki, na kando ya njia miti ilipigiliwa vipandio, ili mtu akitokewa na mnyama apate pa kukimbilia. Twamfikiria sana yule aliyevipigilia vipandio vyenyewe, kabla havijakuwako.

Msomaji asiye Mkikuyu yampasa kujua mugumo ni nini. Ni mti wa jamii ya mkuyu, unaokua hata ukafunika mahali papana. Wazee wa zamani walikusanyika chini yake wakati wa ukame au tauni, wakachinja mwana-kondoo, wakaomba wakiuelekea Kirinyaga. Haukukatwa, wala haukuokotwa kuni chini yake. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe katika Tetu mwaka 1940, akasoma kwa masista Mathari, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani, ameeleza katika kitabu cha maisha yake jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mugumo uliokuwa karibu na kwao. Mti huo baadaye ulikatwa, na kijito kilichotoka karibu nao kikakauka. Sisi Wakristo hatuombi tena chini ya miti. Lakini mtu akiweka ngazi katika mti wa namna hiyo na kuujenga chumba cha kulala, wazee wanaotazama kwa mbali hukaa kimya, na ukimya wao usidhaniwe kuwa ni ridhaa.

Kwa njia ya Walker, Baden-Powell naye alikuja kuijua Nyeri. Alikuwa jenerali mashuhuri wa vita vya Makaburu na mwanzilishi wa Skauti wa dunia nzima. Alipofika mwaka 1935 aliipenda nchi, na mwaka 1938, akiwa mzee mgonjwa wa moyo, alirudi kukaa katika nyumba ndogo aliyojengewa ndani ya kiwanja cha hoteli, akaiita Paxtu. Alichora picha za wanyama, aliandika barua, alitazama mlima. Tarehe 8 Januari 1941 akafa, mwenye miaka 83, akazikwa katika makaburi ya kanisa la St Peter mjini. Juu ya jiwe lake imechorwa duara yenye nukta katikati, ile alama ya Skauti iliyo na maana kwamba mwenye kuiacha amekwenda nyumbani. Mkewe Olave alipofariki mwaka 1977 majivu yake yaliletwa yakawekwa hapo hapo. Katika Paxtu alikaa baadaye Jim Corbett, mwindaji wa chui milia wala watu wa Bara Hindi, pamoja na dada yake. Naye alikufa Nyeri mwaka 1955, akazikwa katika makaburi yale yale.

Usiku wa tarehe 5 Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza na mumewe walilala Treetops, nyumba ikiwa imekwisha kupanuliwa kwa ajili yao, na Corbett akiwalinda. Usiku ule ule baba yake, Mfalme George wa Sita, alifariki usingizini huko Sandringham. Asubuhi walishuka mtini bila kujua, wakaenda Sagana Lodge, nyumba waliyopewa na Serikali ya Kenya kuwa zawadi ya arusi. Hapo ndipo mumewe alipompasha habari. Jioni walirukia Nanyuki kwa ndege, naye akiwa ni Malkia. Habari hii imesimuliwa mara elfu, hatuirefushi. Alirudi kupatazama mwaka 1983, na akafariki mwaka 2022. Sagana Lodge ilirudishwa kwa nchi ya Kenya wakati wa uhuru, na leo ni nyumba ya Serikali.

Lakini yaliyofuata mwaka ule ule hayasimuliwi na wageni sana. Tarehe 20 Oktoba 1952 ilitangazwa Hali ya Hatari. Siku mbili baadaye Chifu Nderi, mwana wa yule Wang'ombe wa Ihura tuliyemtaja, alikatwa kwa mapanga katika Tetu alipokwenda kuuvunja mkutano wa kiapo. Vijana wakaingia msituni, katika msitu uo huo wa Nyandarua ambao wageni walikuwa wakiutazama kwa darubini. Na tarehe 27 Mei 1954 wapiganaji wakaitia moto Treetops, ikateketea pamoja na mti wake. Malkia alikuwa amekaa katika kiti chake muda wa miaka miwili na zaidi kidogo.

Yako mambo ya miaka ile ambayo katika nyumba zetu bado husemwa kwa sauti ya chini, maana mtu na ndugu yake hawakuwa upande mmoja. Mmoja alikula kiapo, mmoja akawa mlinzi wa Serikali, mmoja akashika ubatizo wake akakataa vyote viwili, akachukiwa na pande zote. Tangu mwaka 1954 Wakikuyu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka migongoni mwao wakarundikwa katika vijiji vilivyozungushiwa boma. Kando ya msitu wanawake walichimbishwa handaki refu, likapandwa vijiti vilivyochongwa, ili chakula kisiwafikie waliomo ndani. Baadhi ya wanawake hao waume zao walikuwa kizuizini. Baadhi waume zao walikuwa bado wanapeleka chai barazani Outspan, wakiwa na pasi ya kupita mkononi. Tunawajua watoto wao. Hatuwezi kuandika historia ya hoteli tukawaacha nje.

Katika msitu huo ulikuwako mugumo mwingine, ambao wenyeji huuonyesha mpaka leo na kuuita posta ya Kimathi, kwa kuwa wapiganaji waliacha barua zao katika tundu zake. Dedan Kimathi alizaliwa Tetu mwaka 1920, akasomeshwa katika shule za huku, akawa kiongozi wao. Alipigwa risasi na kukamatwa ukingoni mwa msitu tarehe 21 Oktoba 1956, na aliyemkamata alikuwa mtu wa nchi hii hii, Ndirangu Mau. Akaletwa Nyeri, akashtakiwa mjini mbele ya Jaji Mkuu mwezi wa Novemba, akahukumiwa kufa. Kutoka mahali alipohukumiwa mpaka barazani pa hoteli ni mwendo wa mtu kwa miguu. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa ndani ya gereza, bila jiwe wala alama. Mwaka uo huo wa 1957 Treetops mpya ikafunguliwa ng'ambo ya ziwa lile, kubwa kuliko ya kwanza, ikisimama juu ya nguzo.

Desemba 1963, bendera ya uhuru ilipokwisha kupandishwa, wapiganaji waliosalia walitoka msituni, wakaja Ruring'u, hapa Nyeri, kuweka silaha zao mbele ya Serikali mpya. Wazee waliokuwako walisema kwamba nywele zao zilifika mabegani, na kwamba baadhi yao walikuwa wamesahau jinsi ya kuketi kitini. Hatukujengwa hoteli kwa ajili yao. Karibu na hapo iko nyumba ya zamani ya baraza la wenyeji, iliyojengwa miaka ya 1920, ambamo wazee waliamua mashauri ya mashamba na ya mahari. Siku hizi ni makumbusho, na walimu wafanyao ziara na watoto twawasihi waanzie hapo, kabla ya kwenda Outspan.

Mji umekua. Kahawa na chai, zilizokatazwa zamani, ndizo zilizosomesha watu wa Othaya, Tetu na Mathira. Chuo kikuu cha hapa kimeitwa kwa jina la Kimathi. Njia ya kale ya tembo, ambayo kwa ajili yake ule mti ulichaguliwa, imezibwa na mashamba ya watu. Kwa miaka mingi tembo waliendelea kupita wakala mahindi, na mwenye mahindi hakuwa na baraza la kuwatazamia. Kuanzia mwaka 1989 lilijengwa ua la waya wa umeme kuuzunguka msitu wa Nyandarua, likamalizika mwaka 2009, urefu wake kilomita 400 hivi. Sehemu ya kwanza ilikuwa upande wetu huu. Jirani za msitu sasa hulala usingizi.

Mwaka mmoja tuliwachukua watoto wa katekisimu, thelathini na wawili, kuwaonyesha makaburi ya mji. Tulianza Mathari, katika kanisa la ukumbusho wa Waitaliano, ambamo wamelazwa mamia ya askari wao waliokufa Afrika ya Mashariki wakati wa vita vya pili, pamoja na Duke wa Aosta aliyekufa akiwa mateka Nairobi mwaka 1942. Kila mmoja ana jina lake ukutani. Kisha tukaenda St Peter, tukaona jiwe la Baden-Powell, na la Corbett karibu nalo. Watoto waligusa ile duara kwa vidole. Tukawaeleza habari za Paxtu, na habari za hoteli, na wale waliompikia mzee yule na kumfulia katika siku zake za mwisho. Mtoto mmoja wa kike akamgeukia mzee aliyekuwa akifyeka majani pale, akamwuliza, "Babu, na hao waliompikia wamezikwa wapi?"

Yule mzee akauweka ufyekeo wake chini. Akasema, "Makwao, mwanangu. Huko Tetu, huko Othaya, huko Mukurweini. Shambani, kila mmoja penye migomba yake." Kisha akatuuliza kama watoto wamekula, maana wingu lilikuwa limeshuka Nyandarua, tukawapa mikate yao chini ya mti, tukaondoka upesi kabla mvua haijatukuta bondeni mwa Chania.